Mwaka Tulipompeleka Rehema Baharini

Desemba iliyopita Timo alileta mchumba wake nyumbani kwangu Lurambi ili tumfahamu, na kwa mara ya kwanza tangu tulipomzika bibi yake Timo upande wa baba, watoto wote watatu wa dada yangu walikuwa ndani ya chumba kimoja. Nasema watoto, ingawa Rehema ana mvi kidogo sasa na Kevin ana tumbo la mwenye nyumba. Nilikuwa nimepika tangu asubuhi. Kulikuwa na ingokho wawili, jogoo na tembe, busuma, ugali wetu, ya wimbi, mboga za tsisaka zilizolala kwenye maziwa, na wali kwa ajili ya mgeni, kwa sababu wasichana wa siku hizi huwezi kujua wanakula nini. Mchumba anaitwa Mercy. Ni msichana mwenye adabu, na kama wageni wote wenye adabu alitafuta jambo la kuzungumza ili kimya kisitukalie. Akasema, "Mama, Timo ananiambianga alipelekwa baharini akiwa mdogo sana, lakini hakumbuki chochote. Ni ukweli ama ananidanganya?" Kevin akacheka, akasema yeye anakumbuka ngamia tu, na kwamba ngamia yule alikuwa na meno ya manjano. Wote wakanitazama. Nikasema ni kweli, tulikwenda, ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Rehema, tulikula mkate mtamu kwenye mchanga na Kevin alimkimbia ngamia mpaka akapoteza kiatu. Mercy alifurahi. Rehema alikuwa ameketi mwisho wa kochi, karibu na dirisha, na buibui yake ameikunja magotini. Alikuwa akichambua nyama kutoka kwenye mfupa na kuiweka kwenye sahani ya Timo, kama vile Timo bado ana miaka miwili. Hakuinua macho. Nilichosimulia mbele ya mgeni kilikuwa kweli, lakini kilikuwa kidogo. Sasa naandika kilichobaki.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sina la kufanya, ndiyo maana nikatumwa kwa dada yangu Jentrix kumsaidia kulea watoto. Alikuwa amepanga chumba kimoja kikubwa hapa hapa Lurambi, si mbali na nilipo sasa. Pazia la maua lilikigawa katikati: upande mmoja kitanda chake na cha wasichana, mimi na Rehema, upande mwingine meza, jiko, ndoo za maji na godoro la Kevin lililosimamishwa ukutani mchana. Dirisha lilitazama shamba la miwa la jirani, na walipoichoma kabla ya kuikata, majivu meusi yalipeperuka yakaingia mpaka ndani ya chai. Mume wake, Baba Kevin, alikuwa dereva wa trekta la kubeba miwa, na alikuwa amezikwa mwaka uliotangulia kwao Mayoni. Alikonda, akakohoa, akafa, na watu wakasema ni kifua. Jentrix naye alikuwa mwalimu wa chekechea, mwanamke mnene, mwenye kicheko kilichosikika mpaka barabarani. Nilipofika Januari nilikuta sketi zake zote zimebanwa kiunoni kwa pini. Kicheko kilikuwa kimebaki, ila sasa kiliishia kwenye kikohozi, naye angeinua mkono kutuzuia tusimsogelee mpaka kipite.

Jambo lililonishangaza ni namna alivyozishika sherehe mwaka huo. Nyumbani kwetu siku ya kuzaliwa ilikuwa siku kama siku nyingine. Lakini Jentrix alisema, "Mwaka huu tutakula sikukuu zote, hakuna kuruka hata moja." Kevin alipofikisha miaka minne tulipika chapati na kualika watoto wa wapangaji wote wa ploti. Mimi mwenyewe nilipofikisha kumi na tisa alinipaka mafuta nywele, akanipa blauzi yake ya kijani aliyoipenda, akasema imemshinda mabega. Niliona ni huzuni ya mjane inayotafuta mahali pa kukimbilia. Sikuona kwamba alikuwa akigawa vitu vyake.

Pasaka ile Timo alibatizwa. Wakwe walitaka sherehe ifanywe kwao Mayoni, na Jentrix akakubali kwa sababu alitaka ukoo wote umwone. Tulikwenda sote. Boma lilikuwa limefagiliwa vizuri, turubai limefungwa kwenye miti, na akina mama wa kanisa walikuwa wakisonga busuma kwenye masufuria ambayo mtu angeweza kuogea ndani yake. Hapo kwa wakwe, Jentrix aliitwa Mama Kevin. Sikuwahi kumsikia mtu yeyote wa boma lile akimwita Mama Rehema, ingawa Rehema ndiye kifungua mimba na alikuwa amesimama palepale, na gauni la njano, akimshika Timo mkono asichafue nguo nyeupe za ubatizo. Rehema alizaliwa Mombasa kabla Jentrix hajaolewa. Baba yake alikuwa kijana wa Likoni aliyekwenda Arabuni kutafuta kazi na hakuonekana tena. Baba Kevin alimpokea mtoto huyo bila maneno, akamlea, akamfundisha kupanda trekta. Wakati alipokuwa hai hakuna aliyesema kitu.

Chai ilipoletwa nilikuwa nimetumwa jikoni kuchukua vikombe, ndipo nikaona kimoja cha bati, cha bluu, kimewekwa kando juu ya dirisha. Msichana mmoja alikijaza akakipeleka kwa Jentrix peke yake, na kiliporudi hakikuoshwa na vingine. Kilitupwa nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Nilisimama pale nikijifanya napanga sahani. Upande wa pili wa ukuta wa udongo, Kukhu Rasoa, yaani Bibi Rasoa, mama mkwe wa Jentrix, alikuwa akizungumza na Jairo, mwanawe mkubwa. Hawakunong'ona.

"Ameisha," Jairo alisema. "Mwenyewe umemwona. Hamalizi mwaka."

"Naona," Kukhu akasema. "Hawa wavulana wawiri ni damu ya mtoto wangu. Watakuja hapa. Nitawalea na nguvu yenye imebaki."

"Na yule msichana?"

"Yule si wetu. Arudi kwa watu wake. Mimi siwezi kulea mtoto wa watu kwa nyumba yenye haina mwanaume."

"Na kama hawamtaki?"

"Basi hiyo ni shida ya akina mama yake. Si yetu."

Niligeuka na kumkuta Jentrix mlangoni, amembeba Timo begani. Alikuwa amesikia yote. Nilitaka kusema neno, akatikisa kichwa. Kisha akatoka mpaka katikati ya turubai, akaomba nafasi, akawashukuru wakwe zake kwa kumpokea, akawashukuru kwa chakula, akaimba wimbo wa kanisa kwa sauti iliyokatika katika kila ubeti, na wanawake wakamwitikia. Kukhu Rasoa alifuta machozi kwa kitambaa. Nilimchukia sana siku hiyo. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba machozi yale pia yalikuwa ya kweli.

Tulipofika Lurambi jioni, Jentrix alimketisha Rehema kwenye mapaja, ingawa alikuwa mzito kwake, akamuuliza, "Unataka kuona bahari?" Rehema akauliza kama kuna papa. Jentrix akasema papa wako mbali, huko kwenye meli. Rehema akafikiri kidogo, akasema sawa, lakini Timo asiende karibu na maji.

Siku chache baadaye tulikwenda naye posta mjini Kakamega kupiga simu. Nilisimama nje ya kibanda na watoto, na kupitia kioo nilimsikia dada yangu akizungumza Kiswahili ambacho sikuwahi kukisikia kinywani mwake, laini, cha pwani, cha miaka aliyofanya kazi ya kutandika vitanda hotelini Mombasa. Kilimbadilisha sura. Alitoka akicheka na macho yake yamelowa. "Bibi yake Rehema wa Likoni anatungoja Agosti," akasema. "Amesema siku zote hizi alikuwa akiniombea." Nilifurahi. Kwangu ilikuwa safari tu, na mimi sikuwahi kuvuka Nakuru.

Tulipanda treni Kisumu, tukabadilisha Nairobi, na siku iliyofuata tukawa Mombasa tumechoka, tunanuka mafuta na maganda ya machungwa. Nyumba ya Bi Mwanakombo ilikuwa Likoni, ndani kidogo ya vichochoro, ya makuti na kuta zilizopakwa chokaa. Ilikuwa na ukumbi mrefu wenye mkeka, na vyumba viwili kila upande, na nyuma ua wenye kisima na mlimau. Kitanda cha chumba chake kilikuwa kirefu mpaka watoto walilazimika kupandishwa. Kila kitu kilinukia udi. Bi Mwanakombo mwenyewe alikuwa mfupi, mwembamba, wa miaka sitini hivi, na leso mbili. Alimshika Rehema uso kwa mikono yote miwili, akamtazama mpaka mtoto akaona haya. "Macho ni ya babake haya," akasema. "Haya macho n'nayajua mimi." Kisha akamtazama Jentrix, kuanzia kichwani mpaka miguuni, na nikamwona akielewa. Hakuuliza. Alimimina chai ya iliki, akaonja kutoka kwenye kikombe, akampa Jentrix kikombe kilekile. "Hebu onja wewe, mwanangu, uniambie kama sukari yatosha." Jentrix alikishika kikombe akakaa nacho muda mrefu kabla ya kunywa.

Tulikaa siku kadhaa. Asubuhi tulikula mahamri na mbaazi, na mchana samaki wa nazi, ambaye Kevin alimkataa siku ya kwanza na siku ya pili akaomba aongezwe. Rehema alifuata nyayo za bibi yake kila mahali. Alifundishwa kukuna nazi, kufunga leso, kuitika "abee" akiitwa. Kwa mara ya kwanza niliona mtoto yule akikaa ndani ya nyumba bila kutazama kwanza nyuso za wakubwa kuona kama anaruhusiwa. Jentrix pia aliliona. Alikuwa akilala kwenye mkeka ukumbini, amejifunika ijapokuwa kulikuwa na joto, akimtazama Rehema bila kupepesa.

Alasiri moja watoto wamelala, nilikuwa uani namenya mihogo. Dirisha la chumba cha Bi Mwanakombo lilikuwa wazi juu ya kichwa changu, na nilisikia sauti ya dada yangu ikisema, "Nitamwacha kesho kutwa. Baada ya sherehe yake."

"Mtoto hujamwambia?"

"Bado."

"Mwambie, Jentrix. N'takulelea, Wallahi n'takulelea, nami ni wajibu wangu, mjukuu wangu huyu. Lakini mtoto haachwi kama mzigo. Mwambie mwenyewe, akusikie kwa kinywa chako."

"Nikimwambia atalia, Bi Mwanakombo. Akilia nitamrudisha. Na nikimrudisha, mwisho wa mwaka hatakuwa na mtu."

"Yuko huyo ndugu yako."

"Huyo ni mtoto. Nitamfunga na mtoto mwingine aishi vipi?"

Niliacha kisu. Nilimngoja Jentrix atoke, nikamvuta mpaka nyuma ya kisima. Nilimwambia nimesikia, na kwamba mimi si mtoto, kwamba nitamlea Rehema, nitatafuta kazi, nitauza mboga sokoni, nitafanya chochote. Nilimwambia hawezi kumtenganisha na ndugu zake. Nililia nikimwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, taratibu, kama alivyokuwa akiwasemesha watoto wa chekechea, "Evi, wewe unapenda Rehema. Najua. Lakini hapa anapendwa na pia kuna nyumba. Hao wavulana watakuwa na Mayoni. Nataka kila mmoja awe na mlango wenye anaweza kuingia bila kubisha. Mimi sina mlango wa kuwapa. Nawatafutia." Nikarudi kumenya mihogo.

Siku ya kuzaliwa ya Rehema tulikwenda ufuoni. Bi Mwanakombo alikuwa ameoka mkate wa mayai kwenye makaa, juu na chini, mpaka nyumba nzima ikanukia. Tulichukua pia viazi vya karai, ukwaju, na maembe mabichi yaliyopakwa pilipili. Asubuhi hiyo mimi nilikuwa nimetumwa mapema kupeleka mabegi yetu kwa jirani mmoja wa Bi Mwanakombo aliyekuwa na duka karibu na feri. Nilitembea nayo mbio, kama mwizi. Ufuo ulikuwa umejaa watu: familia zimetandika leso, wavulana wanakodisha mipira ya ndani ya magurudumu kwa ajili ya kuogelea, mpiga picha mwenye kofia, na ngamia yule wa Kevin. Nilikuwa nimeingojea bahari miezi mingi, na sasa nilitamani isiwepo.

Jentrix aliingia majini na nguo zake. Maji yalipomfika kiunoni nguo ilielea ikamzunguka, na kwa muda alionekana mnene tena kama zamani. Aliwarushia watoto maji, akacheka kile kicheko, na kikohozi hakikuja. Timo alikaa kwenye mchanga uliolowa akipiga mawimbi kwa viganja, akiyakemea kila yanaporudi. Rehema alikuwa nyuma yake akimshika shati. Tulikata mkate, tukaimba, na wanawake wa leso jirani wakatuimbia pia na kupewa kipande. Mpiga picha alikuja, na Jentrix akamkataa. Alisema hataki kubaki kwenye picha akiwa hivyo.

Halafu alimwita Rehema akamketisha kati ya magoti yake, akaanza kumchana nywele zilizojaa chumvi. Alimsuka mistari polepole, akafumua mmoja ambao haukunyooka, akausuka tena. Hawakuzungumza sana. Nilimsikia akimwambia asisahau kupaka mafuta nyuma ya masikio, na awe anakula mboga. Alipomaliza, Bi Mwanakombo alisimama akajipangusa mchanga. "Rehema, ndoo hapa mama, twende tukaoshe miguu." Alimshika mkono wakaenda.

Jentrix alisema, "Mbebe Timo."

Nilimbeba. Yeye alimshika Kevin mkono, na viatu vyake, kimoja tu, na tukaanza kutembea kuelekea kwenye mivinje ambako njia inapanda kwenda barabarani. Kevin akauliza, "Na Rehema?" Jentrix akasema, "Anakuja." Timo alikuwa anatazama nyuma juu ya bega langu, akamwita, "Ema! Ema!" kwa sauti kubwa, kama alivyokuwa akimwita kila mara. Niligeuka. Rehema alikuwa amesimama majini, maji yakimfika magotini, ameshikana mikono na bibi yake, ametugeuzia mgongo. Alikuwa anatazama mbele, baharini. Hakugeuka. Nilijiambia kwamba upepo ulikuwa mkali, hasikii. Nikamshukuru Mungu kwa huo upepo.

Tuliporudi Lurambi mvua za mchana zilikuwa zimeanza kupiga mabati, na chumba kilinuka unyevu. Timo alizunguka nyuma ya pazia akimtafuta dada yake kitandani, akatoka, akaingia tena. Alifanya hivyo kwa wiki nyingi. Kevin aliuliza mara chache, kisha akaacha, na kuacha kwake kuliniuma zaidi. Jentrix hakupika tena sherehe yoyote. Ilikuwa kama kwamba nguvu zake zote alikuwa amezitunza kwa ajili ya Agosti, na sasa zimetumika. Mwezi wa Oktoba hakuweza kutoka nje. Nilimlisha uji kwa kijiko, nikamgeuza, nikamwosha. Wakati mwingine alizungumza kile Kiswahili cha pwani akiwa usingizini. Wanawake wa ploti walileta kuni na maji wakayaacha mlangoni. Mmoja tu, mama muuza mboga za mrenda, aliingia na kumshika mkono.

Alikufa Novemba, alasiri, mvua ikinyesha kwa nguvu hivi kwamba nilipoita jirani hakuna aliyenisikia. Nilikaa naye mpaka ilipokatika. Kevin alikuwa kwenye meza anachora trekta.

Nilikwenda posta ileile. Bi Mwanakombo alipoitwa kwenye simu ya dukani alisikia habari, akauliza, "Nimlete?" Nilimwambia nitamjulisha siku ya maziko. Lakini Jairo alisema mwili wa ugonjwa ule haungoji watu wa mbali, na siku iliyofuata tulikuwa Mayoni tukifukia. Nilimsihi angoje. Hakunijibu hata kwa hasira, alinipita tu.

Maziko yalikuwa mafupi. Mzee wa kanisa alisimama na kusoma maisha ya marehemu, alizaliwa lini, alisoma wapi, aliolewa na nani. Akafika mwisho akasema, "Mama Kevin ameacha watoto wawili, Kevin na Timothy." Nilikuwa nimesimama nyuma, na Timo mgongoni. Sikuwa nimepanga kusema. Katika boma lile nilikuwa msichana wa watu, sina mamlaka hata ya kuomba maji. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Ni watatu."

Watu waligeuka. Mzee alinitazama juu ya miwani. Nikasema tena, "Ni watatu. Wa kwanza anaitwa Rehema." Jairo alianza kuja upande wangu. Lakini Kukhu Rasoa, akiwa ameketi kwenye mkeka kando ya kaburi, aliinua mkono wake bila kumtazama mtu yeyote. "Soma vire amesema," akamwambia yule mzee. Na yule mzee akasoma upya: watoto watatu, Rehema, Kevin na Timothy. Halafu wakatupa udongo.

Krismasi nilipeleka wavulana na nguo zao Mayoni, kwa sababu ndiyo ilikuwa siku iliyosemwa wahamie. Kukhu alichinja kuku. Watoto wa boma walikuwa na nguo mpya na baluni, na redio ilikuwa ikipiga nyimbo za sikukuu mpaka betri ikachoka. Kukhu aliniwekea firigisi kwenye sahani yangu, sehemu ambayo kwetu hapewi msichana, na sikujua kama ni heshima au ni namna ya kuomba radhi. Baada ya kula alimchukua Timo, akamfunga mgongoni kwa kanga ya Jentrix, akaenda naye upande wa ng'ombe ili asinione nikiondoka. Kevin alinisindikiza mpaka kwenye miwa. Aliniuliza kama na mimi naenda baharini. Nilimwambia hapana, naenda Lurambi tu, nitakuja. Nilikwenda kila mwezi. Lakini siku ile nilipofungua mlango wa chumba nilikuta pazia la maua, ndoo, jiko baridi, na kitanda kilichotandikwa, na nilikaa sakafuni kwa sababu sikujua upande gani wa pazia sasa ni wangu.

Hivyo ndivyo walivyokua, Kevin na Timo kwenye miwa ya Mayoni, Rehema Likoni. Bi Mwanakombo alimsomesha mpaka akawa muuguzi, na alimleta Kakamega mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na miwili, aone kaburi. Wakati ule ndugu zake walimwonea haya na walicheka namna anavyosema. Wamejifunza kupendana wakiwa wakubwa, kwa simu, kama watu wanavyojifunza kazi.

Siku ile ya Mercy, wageni walipotoka kutembea mpaka barabarani, Rehema alibaki akaosha vyombo nami nyuma ya nyumba. Aliosha, nikasuuza. Akaniambia, "Umemsimulia vizuri mkwe wetu. Ngamia na kiatu."

Nikasema, "Sikutaka kukuumiza mbele ya mgeni."

"Huniumizi." Alisugua sufuria ya busuma kwa muda. "N'liwaona, Anti."

"Uliona nini?"

"Asubuhi ile, n'lipoamka, begi langu lilikuwa chini ya kitanda peke yake. Yenu hayapo. Nikajua. Pale majini n'limsikia Timo akiniita. Bibi naye alisikia, akanikaza mkono."

Nilishindwa kuendelea kusuuza. Miaka yote hiyo nilikuwa nimemshukuru Mungu kwa upepo. "Kwa nini hukugeuka, mama?"

"Ningegeuka angerudi." Alisema hivyo bila kuinua sauti, kama anayenieleza dawa inavyotumiwa. "Na alikuwa amechoka sana. N'liona vile alivyokuwa akinisuka, mikono haimtii. Nikasema moyoni, wacha aende kabla hajaanguka hapa mbele za watu."

Alikuwa ametimiza miaka saba siku hiyo.

Kutoka barabarani tulisikia kicheko cha Timo, kikubwa, cha mama yake. Rehema alijipangusa mkono kwenye leso, kisha akauliza jambo ambalo nadhani alikuwa amekuja nalo kutoka Mombasa, na pengine kila alipokuja alikuja nalo.

"Alilia?"

Ningeweza kumwambia hapana, alikuwa na nguvu, alijua anafanya nini. Ndiyo maneno ambayo watu huwapa watoto walioachwa. Nikamwambia kweli. "Kwenye feri aliketi chini, kati ya miguu ya watu, akashindwa kusimama. Nilimwinua mimi na mwanaume mmoja mbeba magunia. Alilia mpaka Voi. Kevin alimfuta na shati lake."

Rehema aliitikia kwa kichwa taratibu, mara nyingi, akitazama povu.

"Hata mimi," akasema. "Bibi alinambia ni maji ya chumvi tu."

Kisha akaomba sahani zilizobaki, nikampa.